Kabati limejaa, cha kuvaa hakuna: maswali yenu kuhusu nguo za kila siku

Nina nguo nyingi, lakini kila asubuhi nasimama mbele ya kabati sijui nivae nini. Ofisini kwetu hatuvai tai. Nianzie wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Anzia chini, kaka. Tafuta suruali tatu zinazokukaa vizuri: kadeti ya bluu iliyokolea, kadeti ya kaki, na jinzi ya rangi nzito isiyo na michaniko. Kisha weka mashati manne na fulana tatu, kila moja iweze kuvaliwa na suruali yoyote kati ya hizo. Saba mara tatu, umepata mivao 21. Wengi wetu tunanunua shati kwa kuwa limependeza kwenye henga, likifika nyumbani halina mwenzake. Kabla ya kutoa hela, taja kimoyomoyo suruali zako mbili zitakazolipokea. Ukikwama, liache.

Mitumba naipenda, ila nikinunua kumi, sita zinaharibika haraka. Nguo bora naitambuaje sokoni? (Mwalimu, Morogoro)

Swali hili nimelisubiri muda mrefu, mwalimu, maana mtumba mzuri unaweza kumshinda mpya wa dukani kwa miaka. Usiangalie nembo kwanza. Geuza nguo ndani nje.

Kwenye shati, fuata mshono wa ubavuni. Ukiona kitambaa kimekunjwa na kushonwa mara mbili, hakuna nyuzi zinazoning'inia, aliyelishona hakuwa na haraka. Weka kidole gumba juu ya mshono uhesabu hatua za uzi katika upana wake: zikifika kumi na kuendelea, mshono ni wa kudumu. Kama shati lina mistari, tazama mfuko wa kifuani. Kwenye kazi nzuri, mistari ya mfuko inaungana na ya shati. Halafu gusisha kifungo shavuni. Cha kombe la baharini kina ubaridi, cha plastiki hakina.

Sasa kitambaa. Kikunje ngumini, hesabu mpaka kumi, ukiachie. Pamba na kitani hubaki na makunyanzi. Polista hurudi kama hakikuguswa. Kwa joto letu, pamba na kitani hupitisha hewa na kunyonya jasho, polista hubaki nalo mgongoni. Kama lebo imekatwa, ukifika nyumbani chomoa uzi mmoja uuchome: wa pamba huacha jivu laini lenye harufu ya karatasi, wa polista huyeyuka na kuwa kitone kigumu.

Mwisho inua nguo juani, angalia makwapani na kati ya mapaja. Huko ndiko nguo huanzia kufa. Na uwahi asubuhi, marobota yanapofunguliwa.

Fundi wa mtaani kwetu akipunguza nguo anaiharibu. Nifanyeje? (Dada, Tanga)

Pole, dada. Mjaribu kwanza na pindo la suruali ambayo haitakuuma, na nenda na viatu utakavyovaa nayo. Akifaulu, mpe kiuno. Suruali nzuri ya kitambaa huwa na akiba nyuma, sentimita mbili au tatu ndani ya mshono wa makalio, hivyo inaweza kuongezwa pia. Jinzi haina akiba hiyo. Mabega ya koti usimpe. Ni kazi ngumu hata kwa bingwa.

Fundi mzuri ni hazina. Nina shati la kitani la samawati ambalo kola yake ililika pale inapokunjika, nyuzi nyeupe zikachomoza. Fundi wangu aliifumua, akaigeuza upande uliolika ukaenda chini, akairudishia kwa uzi uleule. Alimaliza kabla kahawa yangu haijapoa. Bado nalivaa.

Nguo nyeusi zinapauka na shati jeupe lina njano makwapani. (Msomaji, Mombasa)

Nyeusi zigeuze, fua kwa maji baridi, anika kivulini. Wapo wanaoloweka kwa chumvi, lakini chumvi haitarudisha rangi iliyokwisha kutoka. Ile njano hutokana na jasho likikutana na aluminiamu iliyo kwenye dawa za kuzuia jasho, na jiki huizidisha. Loweka kwa magadi ya kuokea na maji ya vuguvugu, sugua taratibu, na siku nyingine acha dawa ikauke kabla ya kuvaa.

Nataka shati moja la kitenge litakaloenda kazini na harusini. (Kaka, Mbeya)

Chagua chenye rangi mbili au tatu tu, mojawapo ifanane na suruali zako. Geuza kitambaa: kitenge kizuri huwa na rangi nzito pande zote mbili. Kisha, tafadhali, kiloweke usiku kucha na kukianika kabla ya kukipeleka kwa fundi. Pamba hurudi ikifuliwa mara ya kwanza, na afadhali irudi ikiwa bado kitambaa.