Usiuze shamba kabla hujajua nyuma ya chamba kuna nini

Weka hati ya shamba chini kwanza! Jicho la babako lina chamba, yaani ukungu mweupe, tangu kidonda cha zamani, umeambiwa abandikwe konea mpya, kile kioo cha mbele ya jicho, nawe sasa wauliza bei, pa kulala Mombasa na matone ya kutia baadaye. Nani amekwambia jicho lenyewe bado laona?

Hapa Malindi tuliuza minazi ya marehemu babu kwa ajili ya mjomba. Daktari mmoja, mdomo asali, alimpiga altrasaundi akasema: "Nyuma kuko safi, retina, ile ngozi ya ndani inayopokea mwanga, imekaa mahali pake." Tukashangilia. Konea ikashika, ikang'aa, na mjomba haoni hata dirisha liko wapi. Presha ya macho ilishaua zamani mshipa wa jicho, ule unaopeleka habari ubongoni. Altrasaundi huonyesha kama retina imebanduka, haisemi kama inafanya kazi! Yule bwana hakuuliza habari ya presha hata kidogo, ila noti alizihesabu barabara. Sasa tuna jicho la kutazamwa, si la kutazama. Mjomba akichangamka huwauliza shangazi zangu kama limempendeza.

Chamba ni kama kioo cha dirisha la bafu: sura haipiti, mwanga wapita. Basi mtie chumba cha giza, jicho lake lingine lililo zima lizibwe kwa kiganja lisiibe mwanga, umulike tochi juu, chini, kulia, kushoto, naye aonyeshe inakotoka. Chamba kizito hutawanya mwanga, kwa hivyo akikosea upande mmoja usikate tamaa. Lakini asipojua hata kama tochi imewaka, kasoro iko nyuma, na konea mpya haiifikii.

Daktari naye amulike hilo jicho lililo zima, ahamishie tochi kwenye bovu huku akiitazama mboni ya lile zima. Ikipanuka, mshipa au retina ya jicho bovu ina walakini mkubwa.

Kisha dai kipimo cha ERG, kile cha kukaa gizani dakika 20 wapime umeme wa retina taa ikimulika ghafla. Na usiishie hapo, wallahi! Mshipa waweza kuwa umekufa na ERG ikatoka nzuri. Dai pia VEP, kile kipimo cha waya za kisogoni, kinachopima kama habari inafika ubongoni. Ukiambiwa "si lazima", mshike babako mkono mrudi Mokowe mkapande boti ya kwenu Lamu.

Leo baada ya Isha zima taa umpime, kisha andika hapa alionyesha wapi.