DLL si kipuri cha kuokota

SWALI: Fundi, pole na majukumu. Nina duka la pembejeo za kilimo hapa Morogoro. Nilinunua programu ya kutunza hesabu za duka, leseni ninayo na risiti ninayo. Iliwekwa vizuri mpaka mwisho, lakini kila nikiifungua ikawa inaniambia faili la MSVCP140.dll halikupatikana. Kijana mmoja fundi wa mtaani kwetu akalipakua faili hilo mtandaoni, akaliweka kwenye folda ya System32. Ujumbe wa kwanza ukaondoka, ukaja mwingine wenye namba 0xc000007b. Akazima antivirasi, hakuna kilichobadilika. Sasa anasema Windows imekufa, nimpe elfu thelathini aipige upya, na atanitilia toleo jepesi alilonalo kwenye flashi yake. Mashine ina Windows 10 ya biti 64. Mwezi uliopita fundi mwingine aliisafisha kwa sababu ilikuwa nzito. Mahesabu yangu ya msimu mzima yamo humo humo kwenye Excel, naogopa. Nifanyeje?

JIBU: Mama, hiyo elfu thelathini ibaki dukani. Windows yako haijafa. Imetiwa faili lisilopatana nayo, na namba uliyoniandikia inalisema hilo waziwazi, laiti huyo kijana angeisoma.

0xc000007b maana yake Windows imelikuta faili, lakini umbo lake la ndani silo linalotakiwa. Faili linaweza kuwa limeharibika, ila sababu ninayokutana nayo karibu kila mara ni biti: programu ya biti 64 imepewa DLL (faili la msaada ambalo programu huliita ili ifanye kazi) ya biti 32, au kinyume chake. Kwako wewe naweza kwenda mbele zaidi. Katika Windows ya biti 64, folda ya System32 ndiyo inayotunza mafaili ya biti 64, na yale ya biti 32 yanakaa SysWOW64. Ndiyo, majina yamekaa kinyumenyume. Programu nyingi za zamani zilikuwa zimeandikwa zikiitaja System32 kwa jina, kwa hiyo Microsoft wakaliacha jina lilivyo ili zisivunjike. Programu ya biti 32 ikiiulizia System32, Windows huipeleka SysWOW64 bila kuiambia. Basi kama programu yako ingekuwa ya biti 32, lile faili alilolitia kijana isingeliona kabisa, na ungeendelea kupata ujumbe ule ule wa kwanza. Ujumbe umebadilika. Kwa hiyo programu yako ni ya biti 64 na faili alilokuletea karibu hakika ni la biti 32. Haya nayasema sijaigusa mashine yako, na ndiyo maana nawasihi watu waniandikie namba kama ilivyo kwenye skrini, wasiniambie tu kwamba "imegoma".

Tiba yake haizidi nusu saa. Fungua System32, utafute MSVCP140.dll, ulifute hilo moja tu, kwa kuwa kabla ya kijana kuja halikuwepo. Usiguse jingine lolote humo. Kisha ingia kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, upakue kifurushi kinachoitwa Visual C++ Redistributable, kile kipya zaidi kinachobeba matoleo ya kuanzia 2015. Kiko cha x64, yaani biti 64, na kiko cha x86, yaani biti 32. Pakua vyote viwili na uviweke vyote viwili, maana programu za biti 32 ulizonazo zinahitaji cha x86 hata kama Windows ni ya biti 64. Kwa pamoja havifiki MB 50, bando dogo linatosha. Kama kimojawapo kitakwambia kwamba kimeshawekwa, nenda kwenye orodha ya programu katika mipangilio ya Windows, kichague, bofya kitufe cha kubadilisha kisha cha kurekebisha. Zima mashine, iwashe, fungua programu yako.

Sasa niseme linaloniuma, kwa sababu barua kama yako hazipiti wiki mbili bila kunifikia. Mafundi wetu wengi wameaminishwa kwamba DLL ni kipuri: kimepotea, unakwenda mtandaoni kwenye tovuti zinazogawa mafaili hayo moja moja, unakiokota, unakichomeka. Hata huko kwenye magari hakuna anayeng'oa jino moja la giaboksi ya Fuso akalitia kwenye Noah. MSVCP140.dll limeandikwa liende pamoja na wenzake, VCRUNTIME140.dll, VCRUNTIME140_1.dll na wengine, wote wakiwa wa toleo moja. Ukiokota moja, la pili litalalamikiwa, ukiokota la pili litakuja la tatu, na kila moja umelitoa kwa mtu asiyejulikana. Nimewahi kuletewa kompyuta yenye mafaili kumi na moja ya namna hiyo ndani ya System32, kila moja na tarehe yake, na hakuna programu hata moja iliyofunguka.

Tena DLL si maandishi wala picha. Ni msimbo wa programu unaotekelezwa. Ikishaitwa, inafanya kazi kwa mamlaka yote ya programu iliyoiita. Ukifungua programu ya hesabu kama msimamizi wa mashine, faili la kuokota nalo limekuwa msimamizi. Na hata likiwa safi leo, halimo katika orodha ya vitu vinavyosasishwa, kwa hiyo kasoro ya usalama ikigunduliwa na Microsoft wakairekebisha, la kwako litabaki vilevile na tundu lake.

Wapo wanaokwenda mbele zaidi wakaandika amri ya regsvr32, ya kusajili mafaili, juu ya faili hilo, ikajibu kwamba imelipakia lakini haikuona mlango wa kulisajili, wakahitimisha kwamba "Windows imekataa". Haikukataa. MSVCP140.dll ni maktaba ya C++, haijawahi kuwa kitu cha kusajiliwa. Wengine huendesha sfc /scannow wakisubiri lirudi. Amri hiyo ni nzuri, lakini kazi yake ni kukagua mafaili ya Windows yenyewe, na faili hili ni mgeni aliyeletwa na kifurushi. Litarudishwa na kifurushi chake.

Umenitajia usafishaji wa mwezi uliopita kama jambo la pembeni, nami naona ndiko ugonjwa ulikoanzia. Ukifungua orodha ya programu utakuta mistari mingi inayoanza na Microsoft Visual C++: ya 2008, 2010, 2012, 2013 na kuendelea, mingine mara mbili. Mtu asiyejua huona takataka zinazojirudia, akaifuta ili mashine iwe nyepesi. Hakuna wepesi anaoupata, maana ni mafaili madogo yanayokaa kimya mpaka yaitwe. Na kila mstari una wateja wake. MSVCR100.dll linatoka kwenye kifurushi cha 2010, 110 cha 2012, 120 cha 2013. Kuanzia 2015 Microsoft waliviunganisha, ndiyo maana 140 inabebwa na kifurushi kimoja cha kuanzia 2015. Kikae hiki kichwani kwa yeyote anayegusa kompyuta za watu: namba iliyo kwenye jina la faili ndiyo inayokwambia kifurushi cha kutafuta. Mistari ikikutwa mingi, iachwe.

Vilevile zile programu zinazojisifu kusafisha rejistri ya Windows, yaani daftari lake la mipangilio. Microsoft wameandika wazi kwamba hawaungi mkono matumizi yake. Nimeona zikifuta taarifa za programu iliyowekwa nusu, halafu programu hiyo ikawa haifutiki wala haiwekeki upya. Microsoft wana chombo chao cha bure cha kutatua programu zinazogoma kuwekwa au kuondolewa, kitumiwe hicho.

Na hiyo antivirasi iliyozimwa? Iliambiwa ilikosea nini? Antivirasi ikizuia faili, inaliandika kwenye historia ya ulinzi, kwa jina, tarehe na saa. Unafungua unasoma. Kama historia ni tupu, haikuhusika, na kuizima ni kuvunja mlango wa nyumba kwa sababu taa haziwaki. Faili la kampuni halali unalipima kwa njia nyingine. Bofya kulia, fungua sifa zake, uangalie sehemu ya saini za kidijitali kama jina la kampuni limo na saini ni sahihi. Kampuni ikiwa imechapisha alama ya SHA256, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili, unaandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, unalinganisha. Herufi moja ikitofautiana, faili limekatika njiani au limechezewa. Kwa intaneti zetu za bando, kukatika ni jambo la kila siku, na visakinishi vingi vinavyolalamika kwamba vimeharibika havina kosa jingine.

Kinachonitisha zaidi ni kile kinachobaki baada ya fundi kuondoka. Ukizima ulinzi wa Defender, antivirasi ya Windows yenyewe, kwenye mipangilio, hujiwasha wenyewe baada ya muda. Lakini wengi huongeza folda kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa, na orodha hiyo haijifuti. Nimekuta humo diski C nzima, kwenye kompyuta ya ofisi, imekaa hivyo tangu mtu alipoweka kraki, yaani kifaa cha kuvunja leseni, ya programu ya kuchora ramani za nyumba. Mwenye ofisi alikuwa anaona alama ya kijani na kuamini analindwa.

Kraki ndiyo njia kuu iliyotumiwa na STOP, wengine huita Djvu, kirusi kinachofunga mafaili ya watu kisha kudai fedha. Kilianza kuonekana 2018, kikajificha ndani ya kraki na vitengeneza namba za leseni, kikalenga watu wa kawaida wenye picha za harusi, tasnifu na mahesabu ya duka. Kampuni ya Emsisoft ilitoa kifunguzi cha bure Oktoba 2019, na kiliwasaidia wengi walioshambuliwa na matoleo ya mwanzo. Kwa matoleo yaliyofuata, mara nyingi hakifungui. Na maelekezo ya kraki karibu zote huanza na mstari mmoja: zima antivirasi kwanza. Fundi akishazoea kuutii mstari huo, anautii hata kwa programu yako uliyoilipia.

Toleo jepesi la kwenye flashi nalo ni kilekile. Kuna mtu asiyejulikana aliyekaa akakata vipande vya Windows: wakati mwingine Defender, wakati mwingine huduma ya masasisho, wakati mwingine ghala la vipengele ambalo Windows hulitumia kujitibu. Siku utakapohitaji .NET Framework 3.5, ambayo baadhi ya programu huitegemea, au kuendesha DISM, amri ya kuitibu Windows, utapata 0x800f081f, yaani chanzo cha mafaili hakikupatikana, kwa sababu kilikatwa. Fundi atasema Windows imekufa tena. Ikibidi kweli kuipiga upya, itoke kwa Microsoft. Laptop iliyotoka kiwandani na Windows 8 au ya baadaye huwa imebeba ufunguo wake ndani ya ubao, na kwa kawaida Windows hiyo halali hujithibitisha yenyewe ukirudisha toleo lile lile. Na kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, ukifika wakati wa kuipiga upya uliza kwanza kama mashine yako inapokea Windows 11.

Si kila kukataa kwa programu kunatoka ndani ya Windows. Ofisi moja iliniita kwa kompyuta nne zilizotumika, zilizoletwa kutoka ng'ambo. Zote ziligoma kuweka programu ya printa, na zilikuwa zimeshafomatiwa mara mbili. Nilitazama pembeni mwa skrini: saa zilikuwa zimerudi nyuma miaka mingi. Betri za CR2032 zilikuwa zimekwisha, na tarehe ikiwa ya nyuma, vyeti vya kidijitali vya seva vinaonekana kama havijaanza kufanya kazi, kwa hiyo kisakinishi hakipati mafaili yake. Nilibadilisha betri nne ndogo, nikarekebisha tarehe, zikakubali zote asubuhi ile ile. Kufomati mara mbili kulikuwa kumewafutia barua za miaka mitatu.

Kwako, mama, fuata mpangilio huu. Kabla ya kufuta au kupakua chochote, nakili mafaili yako ya Excel kwenye flashi mpya, uitoe, uiweke mbali na mashine. Halafu fanya lile la System32 na vile vifurushi viwili. Baadaye fungua sehemu ya usalama wa Windows, hakikisha ulinzi umewaka, na uangalie orodha ya vitu visivyokaguliwa. Kama kuna kitu hukukiweka wewe, kiondoe, kisha ukague mashine nzima. Faili la kuokota limeshakaa humo siku kadhaa, kwa hiyo nywila ya barua pepe na ya benki zibadilishe kwa kutumia simu, usitumie kompyuta hiyo mpaka ukaguzi umalizike. Na ile flashi ya kijana isichomekwe.