Mshambuliaji amebakiza mwaka mmoja: klabu imuuze?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini uongozi unasikiliza ofa za mfungaji wenu bora wakati mkataba wake bado una mwaka mzima, na kama ni haki mashabiki kumwita msaliti. Inauma, nakuelewa. Ila angalia kalenda kwanza.

Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akibakiza miezi 6 anaruhusiwa kusaini mkataba wa awali na klabu nyingine. Klabu ya Dortmund ya Ujerumani yaliwakuta: mshambuliaji wao Lewandowski alisaini na wapinzani wao Bayern Januari 2014, akamalizia msimu na jezi ya njano ya Dortmund, kisha akaondoka bila ada yoyote ya uhamisho. Mshambuliaji Mbappé naye aliondoka PSG ya Ufaransa bure mwaka 2024 kwenda Real Madrid.

Kwa hiyo swali la kuwabana nalo viongozi ni hili: je, alipewa ofa ya mkataba mpya, na lini? Kama alipewa akakataa, mimi ningemuuza dirisha hili hili la usajili. Kama hawakumpa, hasira zenu ziende kwao, maana wamezembea mpaka dakika za majeruhi. Mchezaji mwachieni, maisha ya mpira ni mafupi mno.

Tetesi nazo zisikutoe jasho. "Anafuatiliwa" ni neno la bure, kila klabu inafuatilia wachezaji kibao. Ukisikia klabu zimekubaliana ada na vipimo vya afya vimepangwa, hapo ndipo uanze kujadili mrithi wake.