Upinde kwenye bendera: je, ni uganga?

SWALI

Shikamoo shangazi. Kijana wangu wa kidato cha tatu amechora bendera ya Brazil ukutani chumbani kwake, ila kaisimamisha wima na kuitia upinde na mshale. Nilipomuuliza akasema kaiga mchoro wa msanii mweusi wa huko Brazil, na upinde ule ni wa "mungu wa wawindaji". Baba yake hataki kusikia. Anasema uganga hauingii nyumbani kwake, na Jumamosi anapaka chokaa. Majirani nao wameshaanza maneno. Mchoro huu ni kitu gani hasa? Nimtetee mtoto au nikae kimya ufutwe?

Mama wa Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mwombe mumeo aiache chokaa hiyo kwa sasa, kwanza asome haya.

Mchoro alioiga mwanao naujua, na naupenda sana. Unaitwa Okê Oxóssi. Aliuchora Abdias Nascimento mwaka 1970, na sasa uko katika makumbusho ya sanaa ya MASP jijini São Paulo. Abdias alizaliwa mwaka 1914 katika mji wa Franca, mjukuu wa watumwa. Kabla ya kushika brashi alikuwa mtu wa jukwaani: mwaka 1944 alianzisha kikundi cha maigizo cha watu weusi mjini Rio de Janeiro, enzi ambazo mzungu alijipaka masizi usoni ili aigize mtu mweusi. Kuchora alianza mwaka 1968, akiwa na miaka zaidi ya 50. Mwaka huohuo alikwenda Marekani, na huku nyuma serikali ya kijeshi ikakaza kamba. Akabaki uhamishoni hadi 1981, akichora.

Sasa itazame hiyo bendera. Brazil iliipitisha mwaka 1889, mwaka mmoja tu baada ya kufuta utumwa. Nyota zake ni za anga la Rio siku ilipotangazwa jamhuri, na utepe unaokatiza umeandikwa "Utaratibu na Maendeleo" kwa Kireno. Waafrika karibu milioni 5 walishushwa nchi ile wakiwa watumwa. Hakuna nchi nyingine ya Amerika iliyopokea wengi kiasi hicho. Walilima miwa na kahawa, wakachimba dhahabu, wakajenga miji. Tafuta alama yao kwenye bendera ile, huioni. Abdias akaiweka mwenyewe. Akaisimamisha bendera, akatia upinde na mshale wa Oxóssi, akafuta yale maneno ya utepe na badala yake akaandika "Okê", tena na tena. Hiyo ndiyo salamu ambayo waumini humpokelea Oxóssi ngoma zake zinapopigwa.

Oxóssi ni nani? Ni mwindaji, bwana wa msitu na riziki, mmoja wa maorisha, yaani miungu ambayo Wayoruba wa Afrika Magharibi walikwenda nayo Brazil. Asili yake ni Ketu, mji ulio Benin ya leo. Dini inayowaheshimu maorisha hao huko Brazil inaitwa Kandomble. Mabwana walipowalazimisha kuwa Wakatoliki, watumwa waliweka picha za watakatifu mbele na maorisha wao nyuma. Mjini Rio, Oxóssi alisitiriwa na Mtakatifu Sebastiani, yule anayechorwa mwili umejaa mishale. Unaona walivyokuwa na akili? Mshale uleule uliomtesa mtakatifu wa bwana ukawa silaha ya mwindaji wao.

Neno la aina hiyo alilolitumia mumeo, "uganga", waumini wa Kandomble walilisikia kwa polisi. Nyumba zao za ibada zilivamiwa, ngoma na shanga zikachukuliwa. Vitu vilivyokamatwa Rio vilikaa kwenye makumbusho ya polisi vikiitwa vya uchawi, hadi mwaka 2020 vilipohamishiwa Makumbusho ya Jamhuri. Katika jimbo la Bahia, hadi mwaka 1976 mtu hakufanya ibada hiyo bila kujiandikisha polisi. Maana yake, Abdias alipoukamilisha mchoro huu, kuna bibi kizee Salvador, mji mkuu wa Bahia, aliyekuwa bado anaomba ruhusa kituoni ili apige ngoma. Mimi nikikumbuka hilo, rangi za mchoro ule naziona kwa macho mengine kabisa.

Sitakudanganya kwamba hakuna dini ndani yake. Ipo, na Abdias hakumweka Oxóssi kama pambo. Lakini mchoro haufukizwi ubani wala hautolewi sadaka. Unatundikwa, watu wanautazama, wanabishana. Nini kikae ukutani kwenu kwa mujibu wa imani yenu, hilo mtaamua ninyi wenye nyumba, nami siliingilii. Ninachokataa ni mtoto kuambiwa kafanya uganga, wakati alichofanya ni kusoma historia kwa brashi.

Na mwambie mumeo hili pia: mwaka 1974 Abdias alifika Dar es Salaam kwenye Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika, pale Chuo Kikuu, ule uliofunguliwa na Mwalimu Nyerere. Alikuja kutusimulia hali ya watu weusi wa kwao. Si mgeni kwetu.

Kaa na mwanao mbele ya ukuta umuulize mambo mawili. Kwa nini kachagua mchoro huu na si mwingine? Na pale kwenye utepe ameandika nini? Kama kanakili tu, mpe kazi: achore bendera yake mwenyewe, aweke anachoona kimesahaulika. Hapo ndipo utajua kama unalea mchoraji.

Baba akishikilia msimamo, msigombane. Kata kipande cha plaiwudi, apige msasa, apake praima pande zote mbili, kisha auhamishie mchoro hapo. Kuta za Tanga hutoa chumvi, na rangi ya maji ingebanduka mapema hata bila chokaa. Rangi zile azipake bapa, bila kivuli, kila moja ikauke kabla ya kugusana na jirani yake. Akimaliza nitumie picha.