Redio inakwaruza tangu gari litoke kwa fundi umeme

Nimebadilishiwa altaneta. Tangu hapo redio inapiga mluzi, na nikikanyaga mafuta mluzi unapanda. Ninunue redio nyingine? — Tabata

Usinunue. Mluzi unaopanda na kushuka na injini unatoka kwenye chaji, yaani kwenye altaneta, mashine inayochaji betri injini ikiwaka. Injini ikiwa inawaka, fundi aweke mita kwenye betri: upande wa DC isome volti 13.8 hadi 14.4 hivi. Kisha aigeuze upande wa AC. Ikizidi nusu volti, dayodi za altaneta, zinazogeuza AC yake kuwa DC ya betri, ni mbovu. Irudishe ulikoinunua mapema, kabla muuzaji hajakusahau.

Vipimo vikiwa sawa, hamia kwenye ethi, yaani waya zinazounganisha betri na injini na bodi ya gari. Kazi ya altaneta huanza kwa kufungua kichwa cha betri, na mara nyingine waya mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi. Mafundi wengi huurudisha juu ya rangi au kutu, bolti ikiwa nusu imekazwa. Pakwanguliwe mpaka chuma king'ae, bolti ikazwe sawasawa, kisha papakwe grisi. Magari yanayolala Kigamboni na Mbezi Beach yanahitaji hivyo zaidi, maana hewa ya chumvi inakula chuma upesi. Nimeandika habari ya ethi mara nyingi, na bado watu wanakwenda Kariakoo kununua redio mpya inayokuja kupiga mluzi uleule.

Redio yangu inakwaruza. Tatizo nini?

Hujataja gari, hujasema inakwaruza lini. Angalau cheza muziki wa flashi. Flashi ikiwa safi na FM tu ndiyo inakwaruza, kagua antena na waya wake. Vyote vikikwaruza, kagua umeme na ethi. Ukishafanya hivyo, andika tena.

Toyota IST yangu imefungwa alamu. Sasa stesheni zote zimekuwa kelele tupu. — Kimara

Redio nyingi zilizokuja na magari ya Japani zinaishia 90 FM, na sisi tunakwenda hadi 108. Ndiyo maana nyuma ya redio, kwenye waya wa antena, huwekwa kiboksi kidogo cha kushusha masafa, mafundi wanakiita ekspanda. Kinahitaji umeme wake. Aliyefunga alamu amechomoa waya wa kiboksi hicho akausahau, au ameuunga kwa kusokota na tepu, na joto la dashibodi limeilegeza. Waya za gari zichomewe risasi. Fundi anayesokota tu asipewe gari lako.

Nimeweka plagi mpya za injini, redio inatoa "ta-ta-ta" inayofuata mwendo wa injini.

Soma namba ya plagi. Kwa plagi za kampuni ya NGK, BPR6ES ina R, yaani ina kizuizi ndani cha kupunguza kelele za cheche, BP6ES haina. Zinafanana kwa macho na zote zinaingia. Kama gari lako lina waya za plagi, ziangalie pia: zilizopasuka au zisizo za aina ya kuzuia kelele zinatoa sauti hiyohiyo. Nenda dukani na plagi ya zamani mkononi, usimwachie fundi akuchagulie.

Kelele inakuja nikichaji simu.

Chaja ya bei rahisi. Ichomoe, nunua nzuri. Taa za LED za bei rahisi nazo hufanya hivyohivyo.

Fundi ameiunga redio moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi, ili isikwaruze. Kweli imenyamaza. Ni sawa? — Mbagala

Si sawa hata kidogo! Kuvuta umeme kutoka kwenye betri kunaweza kweli kupunguza kelele, lakini waya ule lazima uwe na fyuzi, na fyuzi ikae karibu na betri. Waya unapita kwenye tundu la chuma kuingia ndani, gari linatikisika kwenye mashimo, ganda linakwanguka. Siku shaba ikigusa bodi hakuna kitakachokata umeme; waya utawaka hadi dashibodi, hata kama gari limeegeshwa na ufunguo unao mfukoni. Nenda sasa hivi ukauchomoe kwenye betri. Redio ikae kimya mpaka fyuzi ifungwe.