Uliniuliza kwa nini nilikuwa nikiimba

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilitoka nao ufukweni peke yangu, maana mama yako alikuwa akiujibu juu kwa juu kabla hujamaliza kusema. Ulisema mshahara unaingia, mkuu wako hakusumbui, chumba umekipaka rangi, lakini kila Jumapili ikifika magharibi moyo unakuwa mzito kama mtu anayerudishwa jela. Halafu ukauliza: "Baba, wewe ulikuwa ukiimba kazini. Ulijuaje kwamba ile ndiyo kazi yako?"

Kwenye simu nisingeweza kukujibu. Nimechukua daftari la hesabu za mbao, naandika kwenye kurasa za nyuma, na mdogo wako atazipiga picha akutumie. Ukikuta hesabu ya misumari katikati ya maneno, iruke.

Kwanza nikutoe kwenye uongo ambao sikuusema, ila niliuacha ukue. Yule uliyekuwa ukimsikia akiimba vizuri ulipotuletea chai kwenye banda la kuundia majahazi hakuwa mimi. Alikuwa fundi wa upande wa pili wa chombo. Mimi nilikuwa naitikia tu, tena kwa sauti ya bata. Na hatukuimba kwa furaha. Wimbo unashika pigo la nyundo na unafukuza usingizi wa saa nane mchana, jua likiwa limekukalia mgongoni. Basi. Ungekuja siku tulipokuwa hatuimbi ungesikia matusi.

Kazi ile sikuichagua. Babu yako alipofariki nilikuwa na miaka kumi na minne, skuli ikaishia pale, na ami yangu akanishika mkono akanipeleka kwenye banda lake hapa hapa Nungwi. Mwaka mzima wa kwanza nilichota maji, nikanoa tezo za watu, yale mashoka ya kuchongea mbao, nikazoa vipande vya mbao vya kupelekwa jikoni. Mwaka wa pili nikapewa keekee. Unaijua keekee: upinde unavutwa mbele na nyuma, ncha inazunguka, mbao inatoboka kidogo kidogo. Kila msumari unataka tundu lake, la sivyo mbao inapasuka, na jahazi moja lina misumari isiyohesabika. Nilitoboa matundu mpaka viganja vikawa na ngozi juu ya ngozi. Miaka mitano ya mwanzo niliichukia kazi ile kwa moyo safi. Nilikuwa nikitazama vijana wanaopanda daladala kwenda Mjini, nikiona kama wanakwenda peponi.

Kwa hiyo yule mzungumzaji uliyenitumia video yake, anayesema ukiipata kazi unayoipenda hutachoka, mwambie aje avute keekee kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri.

Nitakusimulia jambo moja ambalo ami yangu alikufa hajalijua. Mama yako mwenyewe nilimwambia juzi.

Mwaka wa sita nilikuwa nimeshafundishwa kutia kalafati. Unachukua pamba, unaiviringisha juu ya paja mpaka inakuwa uzi mnene kama kidole cha mwisho, unaichovya mafuta ya nazi, kisha unaisukuma kwa chembeu, ile patasi ya kalafati, ndani ya mwanya wa mbao na mbao, unagonga. Ukiweka kidogo, maji yataingia. Ukizidisha, pamba inazisukuma mbao zenyewe na misumari inalegea. Hakuna kipimo ila sikio. Mwanya wenye njaa unalia bu, bu, sauti ya kitu kitupu. Unaendelea kulisha na kugonga, na ghafla inabadilika, inalia ko. Umeshiba. Hapo unaacha, hata kama mkono unataka kuongeza.

Alhamisi moja tulikuwa tunamalizia jahazi la nahodha mmoja aliyekuwa akichukua mizigo Pangani na Tanga. Kulikuwa na mpira uwanjani, timu yetu na ya Kidoti, na mimi nilikuwa nambari saba. Zilibaki pima mbili za mwanya, kila pima urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, upande wa kushoto, karibu na omo, mbele ya chombo. Nikazijaza pamba juu juu, nikazigonga mara mbili tatu. Shahamu ilipopakwa, yale mafuta na chokaa yakafunika kila kitu. Palionekana pazuri kuliko pengine pote. Na mpira tulifungwa.

Baada ya wiki mbili yule nahodha alirudi. Sikumwona amekasirika. Alikaa kwenye gogo karibu yangu, akanitazama nikifanya kazi, akasema kwa upole, "Utakuja safari moja, kijana." Kwa ami akaomba ruhusa kwamba anataka fundi wa kumwangalizia chombo njiani. Ami akaona fahari.

Miaka sita nilikuwa nimetengeneza vyombo na sikuwahi kulala ndani ya hata kimoja. Tuliondoka usiku kuelekea Pangani, na kabla hatujapoteza taa za nchi kavu nikapewa kopo na kuonyeshwa ngama, kule chini maji machafu yanakokusanyika. Nikafua maji. Nikafua tangu Isha mpaka alfajiri, mgongo ukiwa umekunjika kama ndoana, na kila nilipoinua kichwa nilikuwa usawa wa pima zangu mbili. Nilitia kidole. Yalikuwa yakiingia taratibu, bila kelele, kama mtu anayelia akiwa hataki wengine wasikie. Juu yangu, kwenye ubao huo huo, alikuwa amelala mtoto wa baharia, miaka kama kumi na miwili, mdomo wazi.

Kulipokucha nahodha aliinama akaniuliza, "Umeiona?"

"Nimeiona."

Hakusema tena, wala hakumwambia mtu. Pangani alinipa siku nzima na pamba, nikarekebisha.

Sikutoka mle nikiwa nimeipenda kazi, usije ukadhani. Nilitoka nikiiogopa. Lakini hofu ile ndiyo iliyonifanya nianze kuitazama, maana kabla ya hapo nilikuwa naifanya macho yakiwa barabarani. Nikaanza kuuliza: chombo hiki cha nani, kinakwenda wapi, kitabeba nini, nani atalala ndani? Ami alidhani nimekuwa mbea.

Mengine yalikuja polepole, na mengi sikuyaona yakija. Mwaka wa kumi na kitu nikajikuta naweza kuutazama mti na kuona taruma, ubavu wa chombo, ndani yake. Mataruma hayapindwi kwa moto kama watu wanavyodhani. Unatafuta tawi lililojipinda lenyewe, Mungu ameshafanya nusu ya kazi. Basi nikawa natembea naangalia miembe ya watu kama mwizi. Mama yako anakumbuka nilivyomtia haya msibani kule Matemwe: watu wanasoma khitma, mimi nimekodolea macho mwembe wa wafiwa, napima kwa kidole. Alinifinya hapa ubavuni, alama ilikaa siku tatu. Lakini raha niliyoipata pale chini ya mwembe, mwanangu, sijui niilinganishe na nini. Nilikuwa najua kitu ambacho miaka kumi nyuma sikukijua, na hakuna aliyenipa mshahara wala cheti kwa ajili yake.

Na kuna usiku mmoja. Silipendi jambo hili, nalisema mara moja tu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 wewe ulikuwa msichana wa skuli, unakumbuka vilio. Meli ya Spice Islander ilikuwa ikienda Pemba, ikazama huko kwenye mkondo wa Nungwi, na hapa kijijini watu wakaamshana, mashua zetu na boti za wageni zikashuka majini. Mashua mbili kati ya zilizotoka zilikuwa zimepita mikononi mwangu. Mimi nilibaki ufukweni kupokea watu na kuleta mashuka. Kila mashua iliporudi, kabla sijatazama nyuso, nilitazama kwanza kama inakaa sawa juu ya maji. Nimeona haya kulisema hilo kwa miaka mingi. Lakini zilikaa sawa, na zilirudi zimejaa watu walio hai, na zikaenda tena.

Sasa tuje kwako. Unashughulikia madai ya bima. Umenieleza faili zinaingia upande huu, unazikagua, unagonga muhuri, zinatoka upande ule. Nimekaa na maneno hayo nikajiuliza: huyu mtoto amewahi kumwona hata mtu mmoja aliyelipwa? Au aliyenyimwa? Kila faili si ni mtu ambaye gari lake limegongwa, au duka limeungua, anakaa nyumbani akitazama simu? Umeniambia wako wenzako wanaokwenda nje kukagua ajali. Omba siku moja uende nao. Nenda Mbagala, nenda Chalinze, popote. Kaa na mwenye duka, tazama mikono yake anapohesabu kilichoungua. Ukirudi mezani hesabu zitakuwa zile zile, kiti kile kile, lakini nafikiri hutagonga muhuri kwa namna ile ile.

Pengine utakwenda na utakachokiona hakitakufurahisha. Utaona watu wamezungushwa miezi kwa karatasi moja, na muhuri wako umo. Hilo nalo lijue. Kama ni ufa unaoweza kuutia pamba, tia. Kama chombo chenyewe kimeoza mkuku, uti wa mgongo wake, usikae ngama ukifua maji mpaka uzeeke kwa sababu tu baba yako aliwahi kufua usiku mmoja.

Nakuambia hivyo kwa sababu nilimkosea ami yako, mdogo wangu. Naye aliingia banda lile, akakaa miaka miwili, akatupa tezo akaenda kuosha vyombo kwenye jiko la hoteli, wakati ule hoteli zinaanza kuota hapa kama uyoga. Nilimnunia miaka minne. Nilisema amekimbia kazi ya wazee kwenda kuwafulia wageni sahani. Leo ukienda pale utamkuta mpishi mkuu, ana vijana sita chini yake, na ukimuuliza habari ya pweza atakueleza kuanzia kumpiga mawe mpaka tui, saa nzima, macho yanamng'aa. Yeye aliuona mwembe wake jikoni. Mimi nilikuwa nataka auone wangu.

Jambo jingine dogo. Ulisema Jumamosi unalala tu. Sawa, mtu akichoka alale. Lakini mimi sikuiachia kazi inishibishe peke yake, nisingeweza. Masika mbao zikilowa na kazi ikisimama, nilipanda minazi. Ile kumi na minne nyuma ya nyumba ni mvua tupu. Jioni nilikwenda kucheza bao, na unajua nilivyo mshindani mbaya. Nikiwa na miaka arobaini nilirudi chuoni kusoma tajwid, nikakaa nyuma na watoto wenye meno ya maziwa, mwalimu akinisahihisha mbele yao na wao wakicheka. Mmoja wa waliocheka ulikuwa wewe. Miaka mitatu ile nilitamani Jumatatu ifike, na haikuwa kwa sababu ya tezo.

Wewe ulikuwa ukikaa barazani na bibi yako mkisuka ukili. Ulikuwa na mkono mzuri, bibi alisema unavuta sawa pande zote mbili, na mkeka wako ule wa rangi ya zambarau mama yako hataki mtu aukalie. Umesuka tena tangu uende Dar es Salaam? Nauliza tu. Miyaa ya kusukia huko sijui bei gani, ila kuna mtu anakuja na boti Jumatano, naweza kumpa mafungu mawili.

Mimi sasa nafanya kazi nusu siku. Wengi wanataka boti za faiba, hazitaki kalafati wala wimbo, na kusema kweli kwa kupeleka wageni kuzamia zinafaa. Lakini ipo mashua moja bandani, ya mvuvi wa hapa, mbao za mwembe, mataruma nimeyachagua mwenyewe. Tunaishua kwenye bamvua, maji makuu ya mwezi mpevu unaokuja, maji yakijaa kama saa kumi jioni, siku ya Jumamosi. Kijiji kizima kitavuta kamba. Ami yako ameahidi pweza.

Omba ruhusa ya Ijumaa, ufike Alhamisi. Shahamu hatujapaka. Kuna pima moja upande wa kushoto, karibu na omo, nimeiacha wazi kwa ajili yako, na chembeu cha marehemu ami yangu nimekisafisha kutu. Njoo na nguo ambayo hutailalamikia mafuta ya nazi.

Mama yako anakusalimu, anasema ujibu simu zake.

Baba yako