Jiko la kubanikia samaki, mvua ikinyesha

Dada wa Kirumba, Mwanza, umeuliza kama mvua ikinyesha unaweza kuingiza jiko la kubanikia sangara sebuleni na kufungua dirisha. Usithubutu. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Moshi ukiisha, makaa yakabaki mekundu, ndipo watu hudhani pako salama. Dirisha moja halitoshi. Siku hiyo bora mle ugali na dagaa.

Halafu sangara ana mafuta mengi. Yakidondoka moto ukalipuka, usimwagie maji: funika jiko, ziba na matundu ya hewa. Kuni ziwe za mpera au mwembe, siyo mabaki ya mbao zilizopakwa rangi. Petroli ya kuwashia, sahau. Majivu weka kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, nje, hata siku mbili; upepo wa ziwa huamsha cheche.